Taa ya Pili

"Wazee wapigie taa tu, halafu futa," shemeji yangu alininong'oneza, nami nikasema sawa. Nilisema haraka, kama mtu anayekubali kuongezewa mchuzi. Miaka mingi imepita, na bado natamani ningemwambia: hapana, shemeji, kamera ni yangu, harusi ni ya mtoto wangu, na wazee hawa ni wangu. Maneno hayo sasa ninayo tayari. Siku ile hayakuja.

Ilikuwa harusi ya binti yetu wa mwisho. Ndoa ilifungwa asubuhi katika kanisa kuu la Ediofe, kisha tukaja kula na kucheza nyumbani kwangu Pajulu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Alivaa ua kifuani kubwa kuliko la bwana harusi, na alitembea na karatasi ya ratiba mkononi ingawa hakuna aliyeifuata, hata yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa mpiga picha. Hakuna aliyeniomba. Mwanangu anayefanya kazi Kampala alinitumia kamera ndogo ya dijitali kwa basi, ya rangi ya fedha, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Wapiga picha wa mjini walikuwepo, tena wazuri, lakini nilijiona nimesoma. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kitabu cha maelekezo ya kamera nilikisoma chote, hata kurasa za Kifaransa nilizipitisha macho. Nikamwambia mke wangu kwamba mtu mwenye kamera yake na elimu yake hana sababu ya kuita fundi.

Nilijifunza kwa wiki mbili. Wa kwanza kupigwa alikuwa mke wangu, akiwa jikoni, nami nimesimama hatua moja kutoka puani kwake. Taa ya kamera ilimmwagikia usoni, akatoka mweupe kama aliyeangukiwa na unga wa muhogo.

"Huyu ni mimi, baba, au ni maiti yangu?" aliuliza, akiangalia kile kioo kidogo cha nyuma.

Nilirudi nyuma hatua tatu, nikapiga tena. Safari hii uso ulitoka na rangi yake, lakini macho yalikuwa mekundu. Mbuzi wetu nilipompiga alitoka na macho ya kijani. Mke wangu alisema kama ni lazima achague, yeye anaona afadhali ya mbuzi. Picha nyingine zilikuwa na wingu jeusi pembeni, na nilihangaika siku nzima kutafuta ugonjwa wa kamera kabla ya kugundua kuwa wingu lile ni kidole changu kimeziba taa.

Dawa ya macho mekundu niliipata kitabuni. Kulikuwa na kitufe cha kuifanya kamera iwake mara mbili. Taa ya kwanza ni ya kuyaandaa macho tu, haichukui kitu. Taa ya pili ndiyo picha. Nilifurahi sana, nikaiweka hivyo, na hapo ndipo nilipojiletea balaa, kwa sababu watu wetu walizoea taa moja. Taa ikishawaka, mtu anajua amekwisha pigwa, anapumua, anainuka, anajikuna. Wanakwaya nilipowapanga mbele ya kanisa siku ya harusi, walisimama vizuri mno hadi taa ya kwanza. Ya pili iliwakuta wanaondoka. Ninayo picha hiyo hadi leo. Ina watu ishirini na wawili na hakuna uso hata mmoja.

"Bado! Bado! Kuna taa ya pili!" nilipiga kelele siku nzima, na watoto wakaanza kuniita hivyo, Mzee Taa ya Pili.

Sasa nieleze ushauri wa shemeji ulitoka wapi, maana hakuutoa kwa ubaya. Enzi za filamu, shemeji alikuwa mpiga picha wa kutembea mjini Arua. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na sherehe moja ina watu mia tatu, kila mmoja amevaa kwa ajili ya kamera. Mzee akija na fimbo yake na wajukuu saba, huwezi kumwambia hapana; utamharibia siku. Kwa hiyo wapiga picha walikuwa na taa tupu. Unampanga mzee, unamwambia ainue kidevu, unawasha taa bila kuchukua kitu, unasema asante. Mzee anarudi kukaa ameridhika. Akiulizia picha mwezi unaofuata anaambiwa filamu iliungua, na hakuna aliyegombana, kwa sababu kila mtu alijua filamu huungua. Shemeji aliita jambo hilo adabu ya sherehe. Alipotusimulia sote tulicheka, na mimi nilicheka zaidi.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, ndiyo maana siku hiyo hakushika kamera. Alinishika mimi.

Tatizo lilikuwa kadi ya kuhifadhia picha. Kadi iliyokuja na kamera ilikuwa ndogo, na mwanangu alinionya ninunue nyingine. Nilikwenda mjini kuinunua, nikapita dukani, nikatoka na tai mpya. Kanisani nikapiga paa, nikapiga kengele, nikapiga viatu vya bwana harusi. Tulipofika Pajulu, kabla hata sufuria hazijafunuliwa, kamera ilionyesha kwamba imebaki nafasi ya picha tisa.

"Tisa!" shemeji alishika kichwa. "Na keki bado. Na zawadi bado. Na wazee wamejaa pale sebuleni wanakungoja, wataanza kunung'unika."

Hapo ndipo alipoinama sikioni kwangu. Kamera ya dijitali haina taa tupu, ukibonyeza, inachukua. Lakini shemeji alikwisha fikiri: piga, waonyeshe wakitaka, wafurahi, kisha nenda pembeni ufute, nafasi irudi. Nami nikasema sawa. Wazo la kufuta paa la kanisa halikunijia. Nililipenda paa lile.

Sebuleni walikaa bibi vikongwe peke yao, maana nje kulikuwa na vumbi la wachezaji. Madirisha yalifungwa mapazia ya sherehe, ndani kukawa na giza la kutosha kuhitaji taa. Katikati yao, juu ya mkeka, alikaa dada yangu.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa natambaa, na dada, aliyenizidi miaka kumi na miwili, alinibeba mgongoni kambi hadi kambi, kwa kuwa baba alikuwa askari. Ndiyo sababu mimi naye tunasemeshana Kiswahili cha kambini tangu utotoni, na chake hakikuwahi kubadilika. Baadaye aliolewa Kuluba, upande wa Koboko, akalima tumbaku, na tumbaku hiyo ndiyo iliyonipeleka sekondari. Nilipojisifu kwamba nimesoma, nilikuwa nikijisifu kwa mgongo wake.

Maishani mwake alikuwa amepigwa picha moja tu, ya kitambulisho. Aliichukia. Alisema inaonyesha mtu aliyekamatwa na kuku wa wenyewe.

"Wewe mutu ya kamera!" aliniita nilipochungulia mlangoni. "Umepita hapa mara tatu kama mutu anatafuta choo. Sisi hapana na sura?"

"Mnazo, dada. Ninyi mnazo kuliko wote."

"Basi piga. Mimi nimevaa kitenge mupya, hapana ya kukalia tu."

Niliwapanga. Nikawaambia wote kuhusu taa ya pili, nikapiga wenzake wachache, kisha nikamgeukia dada. Taa ya kwanza ilipowaka, dada aliinuka na kuanza kutengeneza kitambaa chake cha kichwa, na ya pili ikamchukua akiwa nusu amesimama.

"Lete nione," alisema. Mabinti wa harusi walikuwa wamewafundisha bibi wote kwamba siku hizi picha inaonwa hapo hapo. Akaangalia. "Hii inataka kukimbia. Ondoa."

Nilipiga ya pili. Alitulia kwa taa zote mbili, lakini alifumba macho.

"Hii imelala. Ondoa."

Bibi aliyekaa kando yake, rafiki yake wa Kuluba aliyekuja naye kwenye gari moja, akamgusa kwa kiwiko. "Fungua macho, mwenzangu. Labda bwana harusi iko na babu anatafuta bibi."

"Kama iko na meno, niambie," dada alijibu, na kabla hajamaliza akaanza kucheka mwenyewe, na taa ya pili ikawaka katikati ya kicheko.

Nilimpa kamera. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. Wenzake waliinama waone. Yeye hakucheka tena. 

"Huyu hapana mimi," alisema. "Huyu ni mama."

Nataka ieleweke kwamba sura ya mama siijui. Baba alikuwa na sanduku la bati lenye picha ya harusi yao, lakini hakuwahi kunionyesha, na sanduku lile lilibaki nyuma siku tulipokimbia vita kuvuka mpaka, na tuliporudi hakukuwa hata na nyumba. Kwetu sisi wawili, uso wa mama uko mahali pamoja tu, kichwani mwa dada.

"Mama alikuwa hivi?" niliuliza.

"Hivi hivi. Mama akicheka, jicho moja inakuwa ndogo. Hii hapa. Mimi sikujua kama iko kwangu. Angalia vizuri, ndugu yangu. Angalia."

Niliinama. Kioo kilikuwa kidogo, mtu alikuwa amefungua pazia na mwanga ukapiga juu yake, na shemeji alikuwa mlangoni akiita, "Keki! Keki inakatwa!" Niliona bibi mmoja anacheka, ninayemjua tangu nizaliwe. Nikasema, "Kweli kabisa," ili anirudishie kamera.

"Hii usafishe kubwa," aliniagiza. "Uniletee Kuluba. Nitaweka kwa ukuta."

"Nitaleta, dada."

Tulipiga keki. Mwanga ulikuwa mzuri, keki ilitoka vizuri, visu viwili vilitoka vizuri. Kisha shemeji akauliza zimebaki ngapi, nikasema hakuna. Akauliza, "Na wazee umeshawafuta?" Nikaenda nyuma ya ghala la mtama. Nikarudi nyuma kwa kitufe cha mshale, keki, keki, keki, hadi nikamfikia dada. Kamera, ambayo siku hiyo ilikuwa na adabu kunizidi, iliniuliza kama nina hakika. Nilibonyeza ndiyo. Kisha nikawafuta na wale bibi wengine, mmoja mmoja.

Nafasi zile tulizitumia kwa godoro. Kamati ilikuwa imewanunulia maharusi godoro nene, na shemeji alitaka lionekane. Tulilipiga kwa ubavu, tukalipiga na kamati nzima imelizunguka, na mara ya tatu tukalipiga shemeji amelikalia. Wakati huo huo dada, akiwa sebuleni, alimwambia mmoja wa mabinti, "Yule mutu ya kamera hajakula," akanitumia paja la kuku kwenye sahani iliyofunikwa. Nilikula nimesimama kando ya godoro.

Mwezi mmoja baadaye dada alinipigia simu. "Picha yangu?"

"Iko inaoshwa," nilisema. Ulikuwa uongo wa zamani wa shemeji, nilioupaka rangi mpya.

Mwezi wa tatu akapiga tena. "Inaoshwa na sabuni gani? Hata nguo ya makanika sasa ingetakata."

Nilicheka, naye akacheka, na kicheko kikanisaidia kukata simu.

Mke wangu ndiye pekee niliyemwambia. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua hata uso. "Nenda ukamwambie. Dada yako atakutukana siku moja, kisha mtakula."

"Safari ijayo," nilisema.

Lakini safari hiyo ijayo sikwenda kusema ukweli. Nilikwenda na kamera, nikiwa na ujanja wa pili. Nilifikiri nitampiga nyingine, nimchekeshe, niisafishe kubwa, nimpe na kusema ndiyo ile. Nilimkuta Kuluba uani kwake anaanika ufuta. Alifurahi, akaniletea kigoda, na alipoona ninatoa kamera mfukoni alinyoosha kiganja mbele ya uso wake.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Inakuja. Acha nipige nyingine kwanza."

"Hapana. Mutu hapigi ya pili kama ya kwanza hajaona. Ni kama kuoa bibi ya pili na ya kwanza bado iko njiani. Atafika, atakuta nani amelala?"

Kisha akanishika mkono akaniingiza ndani. Ukutani, kati ya rozari na kalenda, alikuwa amepigilia msumari. Juu ya msumari alikuwa ametundika kichujio cha chai.

"Hiyo inanilindia nafasi," alisema. "Katekista alitaka kuweka kalenda yake pale. Nikamwambia, hapo kuna mutu."

Nilikunywa chai yake, iliyochujwa kwa kichujio hicho hicho kisha kikarudishwa msumarini. Nikapanda gari la kurudi Arua bila kusema kitu.

Binti yangu alipokwenda kumsalimu shangazi yake alibeba albamu. Siku hiyo hiyo simu ililia.

"Godoro nimeona," dada alisema. "Imepigwa mara tatu. Imezaa?"

"Ni kamati, dada. Walitaka hivyo."

"Sawa, kamati. Na mimi iko wapi?"

"Yako wanaikuza. Kubwa haiwezi kukaa kwenye albamu."

"Ah!" alisema, na niliisikia furaha yake kutoka Koboko hadi Pajulu. "Nilijua. Nilimwambia huyu mtoto wako, baba yako ameweka yangu pembeni."

Huo ulikuwa uongo wa tatu, na ndio uliodumu. Miaka ikapita juu yake. Simu za picha zikaingia kila nyumba, hata Kuluba, na wajukuu wakaanza kupiga picha ugali, mbuzi na mvua. Walitaka kumpiga picha hata bibi yao. Alijifunika kitenge. "Mimi yangu iko kwa ndugu yangu," aliwaambia. "Kubwa. Nikiona ile, mtapiga mpaka mchoke." Waliniambia hayo wakicheka, wakidhani ni vituko vya bibi, nami nilicheka pamoja nao. Na kila safari nilijiambia safari ijayo.

Macho yake yaliondoka kwa mzaha. Alitia chumvi kwenye chai mara mbili, akasema anajaribu upishi wa watu wa mjini. Aliamkia kigoda. Siku moja mbuzi mweupe wa jirani aliingia uani, na dada akamkaribisha kwa heshima zote, akamwambia aketi, akamuuliza habari za parokia, akidhani ni katekista katika kanzu yake. Alinisimulia hayo mwenyewe na akacheka hadi akakohoa. "Na mbuzi alinisikiliza, ndugu yangu. Katekista hajawahi kunisikiliza hivyo."

Nilipokuja kuelewa kwamba si mzaha, jicho moja lilikwisha kufa na la pili liliona vivuli. Nilimleta Arua kwa daktari wa macho. Daktari alituambia ni presha ya macho, inakula polepole bila kuuma, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Angeletwa mapema, alisema, kingebaki kitu. Dada alimshukuru, akamuuliza kama ana mke, na kwenye gari la kurudi akanieleza kwa undani sauti ya daktari yule ilivyokuwa nzuri. Kabla ya mvua za mwaka ule kwisha, hata vivuli vikaisha.

Nilimwambia mchana mmoja wa jua, tumekaa barazani kwake tunamenya karanga. Yeye alimenya kwa vidole tu na alikuwa ameniacha mbali. Rundo langu lilikuwa la kuaibisha.

"Dada, ile picha haipo."

"Imeungua?"

"Niliifuta."

"Lini?"

"Siku ile ile. Ya harusi."

Vidole vyake havikusimama. "Kabla ya ile paja ya kuku nilikutumia, ao baada?"

"Kabla."

Alimenya karanga tatu, nne. "Basi ile kuku ulikula bure."

Alicheka, nami nikacheka kwa sababu ya nafuu, na nilipoinua uso nikaona kwamba yeye alikwisha acha. Alikuwa ameshika ganda moja tupu analigeuza geuza.

"Kwa nini?"

Nilimweleza kadi, nafasi tisa, shemeji, godoro. Nikiwa katikati ya shemeji nilinyamaza, maana nilijisikia ninavyomsukumia mzigo. Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Hata uongo wa miaka yote ile shemeji hakuujua. Nikamwambia hivyo.

"Na mimi miaka hii yote nafukuza watoto na simu zao," alisema, si kwangu hasa.

 Kuku walipita wakaokota maganda. Kisha dada akakung'uta kitenge chake, akainuka, akanyoosha mkono nimshike.

"Kamera iko?"

Ilikuwepo. Nilikuwa bado natembea nayo, imefungwa kwa mpira kwa sababu mlango wa betri ulikatika.

"Haya, piga. Sasa hakuna nyingine inakuja njiani."

Alitaka ndani, chini ya msumari wake. Mlikuwa na giza, kwa hiyo niliwasha taa, nikasimama hatua tatu nyuma, nikahakikisha kidole hakizibi. Nilimkumbusha kuna taa mbili asiinuke. Akasema yeye si mwanakwaya. Nikamwambia habari ya mbuzi katekista ili acheke, naye akacheka kweli kweli, mdomo wazi. Nikabonyeza.

Alibaki vile vile, amenyoosha shingo.

"Taa ya pili bado?" aliuliza.

"Zimewaka zote, dada."

"Ah. Mimi nilikuwa nangoja."

Nilikaa kando yake mkekani na kamera mkononi. Aliweka mkono juu ya goti langu, akainama kama bibi wenzake walivyoinama sebuleni Pajulu.

"Angalia," alisema. "Jicho moja iko ndogo? Mama iko pale?"

Niliangalia. Safari hii hakuna aliyeniita mlangoni, na kioo hakikupigwa na jua. Niliangalia jicho la kulia, nikaangalia la kushoto. Yote mawili yalikuwa madogo, yamezama, na sikuweza kusema ni ugonjwa, ni uzee, ni kicheko au ni mama.

"Sijui, dada," nilimwambia.

"Hujui," alirudia. Akafikiri kidogo. "Kweli, wewe utajuaje? Haya, usafishe, ulete. Na safari hii uoshe haraka."

Niliiosha wiki ile ile mjini Arua, kubwa, nikaitia fremu, nikaipeleka mwenyewe. Dada alipapasa ukuta, akakitoa kichujio cha chai, akashika msumari kwa vidole viwili ili nisikosee. Wajukuu sasa wanampiga wanavyotaka, na yeye anawaamuru wafute zile mbaya, ingawa wao ndio wanaoamua zipi mbaya. Kila mgeni anayeingia anaisifu ile ya ukutani. Naye huwajibu, "Ndugu yangu alipiga. Ilichukua muda, lakini alileta."

Mimi hukaa chini yake na kikombe changu na kuitazama. Mtu mmoja tu aliyebaki duniani anaujua uso wa mama yetu, na mtu huyo hawezi kuitazama picha hii akaniambia kama mama yumo. Siku ile Pajulu uso wa mama ulikuwa mkononi mwangu, dada akinisihi niangalie vizuri. Niliufuta ili tupate nafasi ya godoro, na nitakufa bila kuujua.